Kilo Mbili za Siku Mbili

Asubuhi ya tarehe 2 Januari nilipanda mizani nikiwa na usingizi machoni, nikakuta nimeongezeka kilo 2.1 tangu asubuhi ya tarehe 31 Desemba. Nilishuka, nikaisogeza mizani mahali ambapo nilijua sakafu imenyooka, nikavua hata saa ya mkononi, nikapanda tena. Namba haikubadilika. Kilo 2.1 ni karibu nusu ya uzito wote niliokuwa nimeupunguza kwa wiki 11 za kula wanga kidogo, wiki ambazo nilizihesabu moja moja kama mfungwa anavyohesabu siku zake ukutani.

Jikoni kulikuwa na kipande kikubwa cha keki kilichobaki, kimefunikwa kwa sahani, na wazo la kwanza lililonijia halikuwa kukitupa. Nilijiambia kwamba maji nimekwisha kuyavulia nguo, basi heri niyaoge: nimalize keki leo, nile mkate niutakao wiki hii na ijayo, kisha nianze upya mwezi wa pili nikiwa na akili iliyotulia. Pale nilipokuwa nimesimama, wazo hilo lilionekana kuwa la busara kabisa. Kwamba nilikula keki wakati wa sikukuu si habari ya kumpotezea mtu muda wake. Ninachotaka kukieleza ni zile dakika 20 nilizokaa jikoni nikijishawishi kwa hoja zilizopangika vizuri, na kile kilichozikatisha.

Kilichozikatisha ni simu. Kikundi chetu cha kusaidiana kula wanga kidogo kina watu 9, hukutana kila Jumamosi asubuhi kwa muda wa saa moja, na katikati ya wiki huandikiana ujumbe mfupi. Tuna kanuni chache, na mojawapo ni kwamba mtu anayefikiria kuacha hutuma ujumbe kwanza, kisha ndipo ale akitaka. Hakuna anayemkataza kula, ila ujumbe lazima utangulie. Niliandika maneno mawili tu: "2.1 juu." Jibu lilikuja kabla sijaiweka simu mezani, kutoka kwa mama mmoja aliye mkubwa kuliko sisi sote, mhasibu mstaafu ambaye huzungumza na kila mtu kana kwamba anakagua vitabu vyake. Aliandika: "Hayo ni maji, mwanangu. Funika keki yako, pika mayai, tutaonana Jumamosi." Sikuwa nimemtajia keki.

Alikuwa na haki kuhusu maji, na hesabu yake inafaa kuelezwa kwa kirefu kwa sababu imewaponza watu wengi. Mwili wa mtu mzima huweka akiba ya wanga kwa namna inayoitwa glaikojeni, kiasi cha gramu 100 hivi kwenye ini na gramu 400 hivi kwenye misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hushikamana na gramu 3 hivi za maji. Mtu anayepunguza wanga kwa kiasi kikubwa hutumia sehemu kubwa ya akiba hiyo ndani ya siku chache, na maji yake huondoka nayo. Aidha, insulini inaposhuka, figo huacha chumvi nyingi zaidi ipite kwenye mkojo, na chumvi nayo huondoka na maji. Akirudi kwenye wali, viazi na keki kwa siku mbili, ghala hujaa tena, maji hurudi, na mizani, ambayo haijui tofauti ya maji na mafuta, huandika yote kama deni moja. Kwa upande mwingine, kilo moja ya mafuta ya mwilini inabeba nishati ya kalori 7,700 hivi. Ili kilo zangu mbili ziwe za mafuta matupu, ningalilazimika kula zaidi ya kalori 15,000 juu ya mahitaji yangu katika siku mbili. Nilikula sana, lakini sikula namna hiyo.

Hesabu hiyohiyo, ukiisoma kutoka upande wa pili, inapunguza majivuno. Mtu anayeanza ulaji huu na kupungua kilo 3 katika wiki ya kwanza hupenda kuwapigia simu ndugu zake wote, na sehemu kubwa ya kilo hizo ni maji yaleyale. Mhasibu wetu humweleza kila mgeni jambo hili siku ya kwanza, kabla hata hajaketi vizuri, na kuna waliochukia kuambiwa hivyo. Nadhani ndilo neno la maana zaidi analoweza kuambiwa mwanafunzi wa jambo hili, kwa kuwa asiyelijua hufika wiki ya tatu, akaona mizani imesimama, akadhani mwili wake umeharibika au ulaji wenyewe ni uongo, akaondoka wakati kazi halisi ndiyo kwanza imeanza.

Mimi sikuja kwenye ulaji huu kwa hiari kamili. Kipimo cha sukari ya damu kabla ya kula kilikuwa kimesoma milimoli 6.3 kwa lita, na daktari akanieleza kwa utulivu kwamba kisukari huhesabiwa kuanzia 7.0, kwamba nilikuwa kwenye ukanda wa katikati, na kwamba wengi walio kwenye ukanda huo wanaweza kurudi nyuma wakipunguza uzito na kutembeza miguu. Alinitajia njia kadhaa za kula, akaniambia nichague ile nitakayoiweza kwa miaka, si kwa wiki. Nilichagua kupunguza wanga kwa sababu najijua: mimi si mtu wa kula nusu ya mkate. Kwangu ni rahisi zaidi kutoununua kabisa kuliko kuununua na kuupimia.

Hakuna kipimo kimoja kinachokubaliwa na wote kuhusu "wanga kidogo." Watafiti wengi huita hivyo ulaji ulio chini ya gramu 130 za wanga kwa siku, na wale wanaotaka mwili utegemee ketoni, yaani nishati inayotengenezwa na ini kutokana na mafuta, hushuka hadi gramu 50 au hata 20. Wengi katika kikundi chetu hukaa kati ya gramu 60 na 100, na hatubishani sana juu ya hilo. Kinachosaidia zaidi ni kuzijua namba chache kwa moyo. Kipande kimoja cha mkate kina gramu 15 hivi. Kikombe cha wali uliopikwa kina gramu 45 hivi. Kopo la soda la mililita 330 lina gramu 35 hivi, zote zikiwa sukari. Yai halifikishi gramu moja, na samaki, nyama na mafuta, ukiviacha bila unga wala mchuzi mtamu, havina wanga wa kutajwa. Ukizijua hizo, sahani ya karamu huanza kusomeka kama maandishi: wali vikombe viwili, mkate, kipande cha keki, glasi mbili za soda, na gramu 200 zimepita kabla hotuba hazijaanza.

Hapa naomba niseme neno la pembeni. Kiswahili kimewapa jina moja wanga wa kwenye chakula na wanga wanaotoka usiku kuwaroga watu, na mwezi Desemba nilianza kuona kwamba lugha ilijua inachofanya. Wote wawili hupata nguvu giza likishaingia, mtu akishachoka.

Watu husema kula hivi ni mtindo wa juzi. Si kweli. Mwaka 1863 jijini London, William Banting, mtu ambaye kazi yake ilikuwa kusimamia mazishi, alichapisha kijitabu akieleza jinsi alivyopungua baada ya daktari wake, William Harvey, kumwondolea mkate, sukari, bia na viazi. Alikuwa amejaribu kupiga makasia, kuoga mvuke na kufunga, bila mafanikio ya kudumu. Aligharamia uchapishaji mwenyewe, akavigawa vijitabu vya kwanza bure, na jina lake likaenea kiasi kwamba hadi leo Waswidi wanaposema mtu anapunguza uzito kwa kujinyima husema "banta." Ninachokipenda katika kisa chake si orodha ya vyakula, ambayo ilikuwa na divai nyingi kuliko ambavyo daktari yeyote wa leo angeiruhusu. Ninapenda kwamba mtu aliyepona hakuweza kukaa kimya. Alihitaji kuwaambia wengine, nao wakamwandikia, na kwa namna fulani hicho kilikuwa kikundi cha kusaidiana kilichokutana kwa njia ya posta.

Kisa kinachonigusa zaidi, hata hivyo, ni cha karibu miaka mia moja baadaye. Mwaka 1961 huko Queens, New York, mama wa nyumbani aitwaye Jean Nidetch alikuwa akihudhuria kliniki ya jiji ya watu wenye uzito mkubwa. Alipewa utaratibu wa kula, akaufuata, ila kila mara alikuwa akila biskuti kwa siri, biskuti alizozificha bafuni, na hakuthubutu kumweleza mhudumu wa kliniki. Akawaita rafiki zake wachache nyumbani kwake akawaambia habari za zile biskuti. Nao, mmoja baada ya mwingine, wakaeleza walikoficha za kwao. Kutokana na mikutano hiyo ya sebuleni ilizaliwa Weight Watchers, iliyoandikishwa kama kampuni mwaka 1963. Utaratibu wenyewe wa kula aliupata kliniki. Alichoongeza yeye ni watu wa kuwaambia ukweli, na hicho ndicho kilichouzika duniani kote.

Nimewahi kujiuliza kama huu ni ushuhuda wa watu wenye bahati tu, kwa hiyo nilitafuta kilichopimwa. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya jaribio la miaka miwili lililowagawa watu 811 katika aina nne za ulaji, ambapo wanga ulikuwa kati ya asilimia 35 na 65 ya nishati yote. Tofauti za uzito kati ya makundi hayo zilikuwa ndogo mno. Kilichojitokeza ni mahudhurio: kila kikao cha kikundi ambacho mtu alihudhuria kiliambatana na kupungua kwa wastani wa kilo 0.2. Jaribio jingine, lililofanyika Stanford na kuchapishwa mwaka 2018, liliwafuatilia watu 609 kwa mwaka mzima, nusu wakipunguza mafuta na nusu wakipunguza wanga, wote wakifundishwa katika vikundi vidogo kwa vikao 22. Waliopunguza wanga walipungua wastani wa kilo 6.0, na waliopunguza mafuta kilo 5.3, tofauti ambayo watafiti wenyewe hawakuihesabu kuwa ya maana. Ndani ya kila kundi, lakini, kulikuwa na waliopungua sana na walioongezeka.

Naziheshimu namba hizo kwa sababu zinanikosesha raha kidogo. Ningependa kusikia kwamba ulaji wangu ndio bora kwa wote, na hazisemi hivyo. Pia haziwezi kuthibitisha kwamba kikao chenyewe ndicho kinachopunguza uzito, maana mtu anayepungua hupenda kwenda kikundini na anayeongezeka huona haya kwenda. Mimi mwenyewe Jumamosi moja ya Novemba nilijifanya nina mafua. Hata hivyo, nikiyaweka matokeo hayo pembeni ya yale niliyoyaona, naamini kwamba swali la "ulaji upi" ni dogo kuliko swali la "nani atajua ukiacha."

Sasa turudi kwenye sikukuu. Kabla sijaanza, nilidhani vishawishi vya msimu huo ni vyakula vyenyewe: keki, biskuti, vinywaji vitamu, wali wenye harufu inayokufuata hadi barabarani. Hivyo vina nguvu yake, lakini vinaweza kukabiliwa kwa mbinu za kawaida, na nitazipitia haraka. Usiende karamuni na njaa. Kula kwanza nyumbani mayai au kipande cha samaki. Keti mbali na meza ya vitu vitamu, kwa sababu mkono hutangulia akili pale vitu vinapofikika. Kunywa maji mengi, na kama umeanza ulaji huu juzijuzi na kichwa kinakuuma, kikombe cha supu yenye chumvi mara nyingi hukitibu. Pombe itazame kwa macho mawili: gramu moja yake ina kalori 7, na inapoingia, yule msimamizi uliyekuja naye kichwani huwa wa kwanza kulala.

Kishawishi kigumu ni mkono unaotoa. Chakula hakikuombi, anayekuomba ni mtu anayekupenda, aliyeamka alfajiri kupika, na anayeyasoma mapenzi yako kwenye sahani yako. Katika kikao cha mwisho cha Novemba tulifanya zoezi ambalo mwanzoni nililiona la kitoto: mmoja wetu alikuwa mwenyeji anayeng'ang'aniza, mwingine mgeni anayekataa, na wengine tukasikiliza. Tulicheka hadi machozi, kwa sababu kila mmoja alimwiga ndugu yake halisi, pamoja na mguno na kuzungusha macho. Lakini tuligundua jambo. Mgeni aliyesema "niko kwenye mlo maalumu" alijikuta katikati ya mjadala: mara aliambiwa amekonda mno, mara aliambiwa babu alikula wanga akafika miaka 90, mara akatajiwa jirani aliyekula hivyo akaugua. Aliyesema "siruhusiwi" aliulizwa ni nani aliyemkataza, na ugonjwa wake ni upi. Aliyefanikiwa ni yule aliyesema, "Asante sana, dada, naanza na hii nyama kwanza, imepikwa vizuri," huku sahani yake ikiwa imejaa nyama na mboga. Hakudanganya, hakuhubiri, na hakuacha nafasi tupu kwenye sahani. Sahani tupu mbele ya mwenyeji ni mwaliko hata kama mwenyewe hukuuandika.

Nilikwenda kwenye mkesha wa mwaka mpya na zana zote hizo, na kwa saa nne zilifanya kazi. Nilikula nyama, samaki, mboga za majani, parachichi, karanga. Nilikuwa nimepanga kwamba saa sita usiku nitakula kipande kimoja cha keki, kwa hiari yangu, nimeketi, pamoja na wengine. Shangazi yangu ndiye aliyeioka. Aliponiletea aliniuliza, "Mwanangu, mbona mwaka huu unaiogopa keki yangu?" nami nikamjibu kwamba nilikuwa nikiingoja. Nilikula kile kipande polepole, kikawa kitamu kama nilivyokumbuka, na hapo hapakuwa na kosa lolote.

Kosa lilikuja nusu saa baadaye, nilipobeba vyombo kupeleka jikoni. Hakukuwa na mtu. Nilikata kipande cha pili kwa kisu kilichokuwa kwenye sinki, nikakila nikiwa nimesimama, haraka, mgongo ukiwa umeelekea mlangoni. Kisha cha tatu. Na kwa kuwa usiku ulikuwa umeshaharibika, siku iliyofuata nilikula mkate asubuhi, wali mchana, na jioni nikabeba nyumbani kile kipande kilichofunikwa kwa sahani.

Wanasaikolojia wamelifuatilia jambo hili kwa muda mrefu. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1975, Peter Herman na mwenzake waliwapa wanafunzi wa kike maziwa mazito yaliyochanganywa na aiskrimu, kisha wakawaambia waonje aiskrimu kadiri watakavyo. Wasio na tabia ya kujinyima walifanya kama mtu yeyote aliyeshiba: walipokwisha kunywa maziwa, walikula aiskrimu kidogo. Wenye kujinyima kila siku walifanya kinyume. Wakishakunywa yale maziwa mazito, walikula aiskrimu nyingi kuliko wenzao wenye kujinyima ambao hawakunywa kitu. Ukuta ulikuwa umebomoka, basi wakapita kwenye tundu pamoja na mizigo yao. Herman na Janet Polivy baadaye waliipa hali hiyo jina la mzaha ambalo kwa Kiswahili lingekuwa "potelea mbali," na sidhani kama kuna lugha iliyo na neno zuri zaidi kwake. Potelea mbali haitokani na njaa, wala na utamu. Inatokana na kuuona mlo kama kitambaa cheupe ambacho doa moja linakiharibu chote, na ndiyo maana huwakamata zaidi watu makini.

Nikiangalia nyuma, kila nilipowahi kuacha jambo la namna hii maishani, hakuna hata mara moja ambapo chakula kimoja ndicho kilichoniangusha. Kulikuwa na chakula kimoja, kisha siku, kisha wiki, na kila hatua ilihalalishwa na ile iliyotangulia. Kuteleza si kuanguka, wanasema, lakini aliyeteleza akiwa peke yake gizani hukaa chini muda mrefu, kwa sababu hakuna anayemwona na hana haja ya kusimama. Kikundi hakikunizuia kula keki. Kilichofanya ni kufupisha muda kati ya keki na mayai ya asubuhi iliyofuata, kutoka wiki sita, ambazo ndizo kawaida yangu ya zamani, hadi siku mbili.

Nisikifanye kikundi kionekane kama malaika. Kina maudhi yake. Kuna kipindi watu walituma picha za sahani zao kila mlo, na ikawa mashindano ya nani ana majani mengi zaidi, hadi mhasibu akapiga marufuku picha. Kuna mmoja ambaye kila tatizo kwake ni kwamba hujala mafuta ya kutosha. Na kulikuwa na jambo zito: mwenzetu anayetumia dawa za kisukari alipunguza wanga ghafla kwa kututazama sisi, bila kumwambia daktari wake, na jioni moja sukari yake ikashuka hadi akatetemeka na kutokwa jasho. Alinusurika kwa juisi, kitu kilekile tulichokuwa tukikikimbia. Mtu anayetumia insulini, au vidonge vinavyolisukuma kongosho litoe insulini zaidi, lazima daktari amrekebishie dozi kabla hajaanza, na zipo dawa nyingine za kisukari ambazo haziendani na ulaji wa wanga kidogo sana kwa sababu zinaweza kuifanya damu ijae ketoni hata sukari ikiwa haijapanda sana. Tangu jioni ile, neno lolote kuhusu dawa kikundini hujibiwa kwa sentensi moja: muulize aliyekuandikia. Nilijisikia vibaya, kwa kuwa tulimpa ujasiri mwingi na maarifa kidogo.

Jumamosi ilifika. Nilikuwa nimepungua kilo 1.3 kati ya zile 2.1, kama mhasibu alivyotabiri, na ningeweza kuketi pale nikashangilia pamoja na wengine. Ujumbe wangu wa tarehe 2 ulikuwa wa kweli, lakini haukuwa wote. Kule kwenye mkesha kila mtu aliniona nikila kipande cha kwanza cha keki hadharani. Hakuna aliyejua kuhusu jikoni, kisu na mlango. Zamu yangu ilipofika nilianza kueleza habari za glaikojeni, nikajisikia mwenyewe nikizungumza kama mwalimu, nikanyamaza. Kisha nikawaeleza.

Hakuna aliyenipa pole wala kunikaripia. Kijana mmoja, dereva wa lori ambaye kwa kawaida hasemi kitu, alisema kwamba yeye huila yake ndani ya gari, taa zikiwa zimezimwa. Dada mwingine alisema yake ni ya usiku, friji ikiwa ndiyo taa pekee. Mhasibu aliniuliza swali moja tu: kile kipande cha pili na cha tatu vilikuwa na ladha gani? Nilifikiri kwa muda. Cha kwanza niliweza kukieleza hadi chembe ya chumvi iliyokuwa kwenye siagi. Vile viwili vya jikoni sikuvikumbuka hata kidogo. Alitikisa kichwa, akaandika kitu kwenye daftari lake, akampa zamu aliyeketi kando yangu.

Kufikia tarehe 15 Januari nilikuwa nimebakiza gramu 400 juu ya uzito wa kabla ya sikukuu, na hizo hazikuwa maji. Nilikuja kusoma kwamba watafiti waliowapima watu wazima 195 nchini Marekani, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2000, walikuta wastani wa ongezeko la msimu wa sikukuu ni kilo 0.37, kidogo kuliko wahusika wenyewe walivyodhani, ila kwa kawaida uzito huo haukuondoka katika miezi iliyofuata. Yaani kilo mbili zilizonitisha zilikuwa kivuli, na gramu mia nne ambazo nisingezitazama mara mbili ndizo deni lenyewe. Nilimpelekea mhasibu hesabu hiyo kwa ujumbe. Alinijibu kwamba hivyo ndivyo vitabu vilivyo, na kwamba nisisahau kuleta maji Jumamosi kwa kuwa ilikuwa zamu yangu.

Mwezi wa tatu kuna harusi ya binamu yangu, na shangazi ndiye atakayeoka. Nimempigia simu kumwomba aniwekee kipande kimoja, nikamweleza kwamba nitakila mezani, mbele yake. Alicheka, akaniuliza kwani mimi huwa nakula wapi.